Cheti cha Laptopu ya Kipimo

Benchi letu la kahawa limeegemea ukuta wa duka la Fundi Saa, na ghorofani juu yake anaishi Kipimo, mpima ardhi mstaafu aliyefiwa na mke. Anaishi peke yake. Asubuhi ile alishuka na laptopu kwapani. Aliinunua kwa sababu moja tu: ilikuwa na cheti cha Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Cheti kilisema kila kitu kimejaribiwa na kinaelewana na mfumo huo: sauti, intaneti, kamera. Lakini mwezi wa nne sasa, tukimuuliza habari za binti yake aliyeko ng'ambo, jibu ni lile lile.

— Kamera imegoma. Tungekuwa tunaonana kila Jumapili.

Wakili, ambaye mahakamani anafika kuuza miavuli tu, akaweka kikombe chini.

— Si nilikwambia? Hicho cheti ni stika. Wanabandika kama bei ya sabuni!

— Stika wapi! — akasema Fundi Saa. — Cheti kinataja toleo. Ukiweka toleo lingine la Linux, umejitoa mwenyewe.

— Basi waliijaribu penye kiyoyozi, — akarudi Wakili. Ikifika kwenye joto letu, kamera inazimia.

— Mimi nasikia inachagua sura, — nikachomekea, mimi fundi viatu. — Isiyoipenda, haioneshi.

Tukacheka. Kipimo naye akacheka kidogo, akifuta skrini kwa mkono wa shati.

Pembeni alisimama dada mmoja aliyefungua juzi chumba cha kuchapisha nyaraka, akisubiri kahawa yake. Akaomba kuiona. Akakisoma cheti, akalinganisha na maandishi ya kwenye skrini.

— Baba, toleo ni lile lile. Cheti hakijasema uongo.

Akabonyeza mara mbili. Tukatokea sote: mimi na gundi shavuni, Wakili mdomo wazi, Fundi Saa, na Kipimo katikati, kanyoa vizuri, kafunga tai.

— Hii hapa, nzima kabisa! — akasema dada, vidole tayari. — Haya, baba. Namba ya binti ni ipi?

Fundi Saa akainama kutafuta kitu ambacho hakikuanguka. Wakili akakiinua kikombe chake kitupu, akanywa.

— Aliibadilisha, — Kipimo akasema mwishowe. — Kabla sijainunua hii.

Tukabaki tunajitazama pale kwenye skrini, na hakuna aliyejua nani aizime.