Fundi wa Mizani Aliyeandikiwa Amepona

Kila kitu kilichotua mkononi mwa marehemu kilipimwa kwanza. Ukimpa kikombe, kitabu au kiatu cha mtoto, alikiinua kidogo kiganjani huku kafumba macho, ndipo akashukuru. Mtaa mzima ulimwita Bwana Gramu, naye akaitika.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa karani wa stoo na mshonaji. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, kisha akasoma shule ya ufundi miaka miwili. Hesabu alizipenda, insha alizikimbia.

Alijifunza kazi kwa fundi wa mizani aliyekuwa mkali, na mwaka 1983 akafungua kibanda chake karibu na lango la soko. Mwenye bucha mmoja aliwahi kumwomba amlegezee mizani kidogo. Akamjibu, “Nikulegezee, halafu nami nije kununua nyama kwako?”

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na mpishi wa shule, wakajaliwa binti na mwana. Binti alipozaliwa, mkunga alitangaza kilo tatu na robo. Marehemu akampakata, akafumba macho. “Mkunga, mizani yako inazidisha gramu mia.” Mkunga alinuna, lakini wiki hiyohiyo aliileta itengenezwe, na gramu mia zilikuwepo.

Tarehe 9 Julai 2021 alilazwa kwa korona kali. Alikaa hospitali siku ishirini na sita, kumi na moja kati ya hizo akipumua kwa mashine. Alipotoka, karatasi yake iliandikwa “Amepona.” Nyumbani walishukuru, wakaihifadhi kabatini. Lakini ngazi saba za mlangoni zilimkalisha mara mbili. Moyo ulimwenda mbio akiwa ameketi. Akioga asubuhi, alilala mpaka jioni. Majina ya vyombo alivyovishika miaka arobaini yalimponyoka. Vipimo vilirudi safi kila mara.

“Mapafu yako mazuri, mzee,” daktari alimwambia.

“Basi ni nani anayehema hivi?”

Shemeji yake alisema ni uzee. Mkewe alisema ugonjwa uleule haujaondoka. Binti, aliyesoma chuo na kuzoea kila jambo kuwa na maelezo, hakujua amwamini nani.

Agosti 2022, mwokaji mikate alirudisha mizani aliyotengenezewa: ilikosea gramu arobaini. Marehemu aliomba radhi, akafunga kibanda. Binti akadhani kazi nyepesi ingemrudishia moyo. Akaazima mizani nzima kabisa kwa muuza maharage, akamletea baba yake nyumbani. “Baba, hii inadanganya. Hebu iangalie.” Alitaraji aipime, aione iko sawa, acheke.

Kwa siku mbili marehemu aliifungua na kuifunga. Siku ya tatu aliisukuma kando. “Mama, umesema kosa lipo, nami silioni. Kichwa changu kimekwisha.” Alilala wiki nzima, na hakushika tena bisibisi. Binti alitaka kumweleza, lakini aibu ilimfunga kinywa kwa zaidi ya mwaka.

Alifariki alasiri ya tarehe 2 Novemba 2023, kitandani kwake. Hati inasema ni moyo. Haisemi moyo ulichoshwa na nini. Shemeji anasema aliugua siku nne. Mkewe anahesabu tangu siku ile alipolazwa, miaka miwili na miezi karibu minne. Familia imeshindwa kukubaliana, kwa hiyo imeziandika hesabu zote mbili.

Ameacha mjane, binti, mwana, mkwe mmoja, wajukuu watatu na dada yake mkubwa. Mola ampe pumziko ambalo mwili wake ulilitafuta usilipate.

Asubuhi ya siku aliyofariki, binti alikuwa akimwekea mito mgongoni. “Baba,” alisema, “ile mizani ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyekudanganya.”

Marehemu alimtazama, akavuta pumzi mara tatu kabla ya kupata sauti. Mpaka leo binti hajui kama alikuwa anamsamehe au anamlaumu.

“Kwa hiyo nilikuwa sahihi,” alisema. “Siku zote mbili, nilikuwa sahihi.”