Bibi Sindano na Miradi ya Mitaa Miwili

Marehemu, mama yetu, bibi yetu na dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1952 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya fundi viatu, mtaa wa juu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi viatu huyo na mkewe, aliyekuwa akifua nguo za watu. Miaka miwili na ushee baadaye akazaliwa mdogo wake. Inasimuliwa kwamba mtoto yule alipolazwa kitandani, marehemu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mama yao akauliza, "Huyu anarudi kwao lini?" Mama akamwambia hapa ndipo kwao. Marehemu hakulikubali jambo hilo siku ile, na waliomjua vizuri wanasema hakuwahi kulikubali lote.

Tunalisema mapema kwa sababu litasemwa tu: marehemu alikuwa na wivu. Mdogo wake mwenyewe, muuguzi mstaafu, ambaye yuko nasi hapa kwenye kiti cha mbele, ndiye aliyetaka liandikwe. "Mkisoma kwamba dada yangu hakuwa na wivu," alisema, "watu watafikiri wamekosea msiba."

Alianza shule mwaka 1960 akaishia darasa la nne. Mama yao aliumwa mikono, ikabidi mmoja abaki nyumbani kufua, na mkubwa ndiye aliyekuwa na mgongo wa kuinamia karai. Mdogo akaendelea na masomo. Marehemu alikuwa akipiga pasi huku daftari la mdogo wake limefunguliwa mbele yake, akisoma mstari baada ya mstari, na alipoona pamekosewa alipaonyesha kwa ncha ya kidole. Mdogo anasahihisha, mwalimu anamsifu mdogo. "Yeye alisoma," marehemu alizoea kusema, "mimi nilimsomesha kwa sabuni." Akilisema hilo mdomo wake ulipinda kidogo upande mmoja, na hata ukimwangalia vizuri hukujua kama anajivuna au anaumia.

Alijifunza cherehani kwa jirani, na mwaka 1971 akaanza kazi yake mwenyewe kwenye baraza la nyumba ya kona. Alishona sare za shule, mapazia, na kupanua suruali za watu walionenepa wakakataa kukiri. Upande wa pili wa baraza hilohilo alikuwapo kinyozi. Nywele zilikuwa zikipeperuka hadi kwenye vitambaa, wakagombana, wakazoeana, na tarehe 6 Aprili 1974 wakafunga ndoa. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka uliofuata mdogo wake aliolewa na dereva wa mtaa wa chini, ng'ambo ya mtaro, na gauni alilishona marehemu. Alilifumua akalirudia hadi mteja mwenyewe akachoka kulijaribu. Lilipokamilika likamtia wivu. "La kwangu lilifungwa na pini ubavuni," alimwambia mumewe. "Hili limemkaa kama amezaliwa nalo." Kinyozi, ambaye si mtu wa maneno mengi, akajibu, "Mke wangu akikuonea wivu, hesabu umepata fundi."

Mwaka 2016 halmashauri ya mji ilianza kutoa ruzuku kwa miradi ya wananchi. Kila mtaa uliunda kikundi na kupeleka ombi, na waliokubaliwa walitakiwa kusimama ukumbini kila baada ya miezi mitatu kusoma taarifa ya mradi wao mbele ya watu. Mtaa wa juu, ukiongozwa na marehemu, uliomba mahali pa kufulia: sakafu ya saruji, mabeseni ya kujengewa, koki na paa. Kina mama walikuwa wakifulia kwenye bomba la kona, wamejikunja juu ya mawe, na marehemu kila akiwatazama alimwona mama yake. Mtaa wa chini, ukiongozwa na mdogo wake, uliomba kiwanja cha watoto. Kiwanja kikapita. Ombi la mahali pa kufulia likajibiwa kwamba linafanyiwa kazi.

Wivu uliompata hapo ulikuwa wa kulala na kuamka nao. Alisema hajali, lakini malori ya mchanga ya mtaa wa chini yalipita mbele ya baraza lake, na cherehani ilinyamaza kila lori lilipopita. Kisebusebu na kiroho papo.

Siku ya taarifa ya kwanza alikwenda ukumbini akaketi mstari wa mbele, mkoba juu ya magoti. Mkutano uliendeshwa na afisa maendeleo, ambaye watu walimwita Bwana Awamu kwa sababu kwake yeye hata kunywa chai kulikuwa na awamu ya kwanza na ya pili. Mdogo mtu alipomaliza kusoma, marehemu akanyoosha mkono.

"Hilo geti linafungukia wapi?"

"Nje, dada."

"Nje ni barabarani. Mtoto akilisukuma na mbio zake anatua wapi?"

Mdogo mtu akasema kwa sauti ya chini, "Hilo tungeongea nyumbani."

"Nyumbani hakuna halmashauri."

Bwana Awamu akaandika, na geti likageuzwa. Taarifa ya pili marehemu akauliza kama watoto watapewa ngazi ya kufikia koki. Koki ikashushwa. Taarifa ya tatu akauliza nani atakalia bembea ya chuma iliyoanikwa juani mchana kutwa. Pakawekwa kivuli. Nia yake haikuwa kusaidia, na hakuificha. Alitaka mradi uonekane mbovu ili ruzuku ivuke mtaro ije kwao. Kila alipotoka ukumbini alitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Mwisho wa mwaka halmashauri ikatangaza mradi bora wa mji: kiwanja cha watoto cha mtaa wa chini. Bwana Awamu akaeleza kwamba umeipita mingine yote kwa ushiriki wa wananchi, kwa kuwa hakuna mradi mwingine uliohojiwa namna ile na ukarekebisha kila kitu. Kwa hiyo umepewa awamu ya pili, ya kujenga banda. Marehemu alirudi barazani akashona mkono wa shati mahali pa kola.

"Umemchongea mdogo wako mpaka ameshinda," kinyozi akamwambia.

"Nyamaza unyoe."

Kuanzia hapo akasusa. Ukumbini alikwenda, maana kukaa nyumbani asingeweza, ila mdomo aliufunga. Bwana Awamu akamchokoza, "Mama Sindano, leo hatuna swali?" Akajibu, "Leo nimekuja kupumzika." Taarifa za mdogo wake zikapita bila neno, na banda la awamu ya pili likamalizika paa likivuja. Jioni moja mdogo mtu akavuka mtaro akaja barazani.

"Dada, umenitupa."

"Nimechoka kukujengea."

"Basi jenga kwako. Peleka ombi tena, mimi nitakaa mbele na mkoba."

"Wewe utauliza nini? Umezoea kupongezwa."

"Nitauliza. Mimi nami nimekuonea wivu tangu utoto, hukujua tu."

Marehemu akaacha kukanyaga cherehani. "Wivu wa nini? Una pensheni, una kiwanja, una gauni."

"Mama alipokuwa akiumwa alikuita wewe. Mimi ndiye niliyekuwa muuguzi, na alikuita wewe."

Kinyozi anasema kwamba hapo alizima mashine yake, mteja akiwa amenyolewa nusu, kwa sababu ilikuwa na kelele mno kwa jambo lile. Marehemu alivuta kiti kingine, akapangusa nyuzi, mdogo wake akaketi.

Ombi lilipelekwa upya mwaka 2021, na safari hii likapita. Mdogo mtu akatimiza ahadi. Aliuliza kina cha mabeseni, akauliza mwanamke mfupi atasimama wapi, akauliza hadi Bwana Awamu akalalamika kwamba kalamu yake inaisha wino. Marehemu alijibu yote akiwa amesimama wima. Lakini mtu asidhani wivu ulikwisha. Mwaka 2022 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa wiki ileile ya taarifa, na mdogo wake akaisoma kwa niaba yake. Alipofika wodini, marehemu hakuulizia saruji.

"Walipiga makofi?"

"Kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Walisimama, dada."

Marehemu akageukia ukutani. "Kwa taarifa yangu," akasema. Tangu siku hiyo aliwaambia wanawe, na daktari pia, kwamba taarifa ya mwisho ataisoma mwenyewe, hata kama ni kwa kubebwa.

Akaisoma. Ilikuwa tarehe 9 Februari 2023. Alikaa kwenye kiti, miguu imevimba, sauti imekuwa ndogo, ila hakuna neno lililopotea. Alisema kazi imekamilika, na akaiomba halmashauri ije kufungua wiki inayofuata. Watu walikuwa wamekwisha kuinua mikono kupiga makofi. Kila mmoja pale aliiona hali yake, na mdogo wake aliiona kuliko wote, kwa kazi aliyoifanya maisha yake yote. Mdogo mtu akanyoosha mkono.

"Sakafu imeinamia wapi?"

Marehemu akamtazama.

"Jana nilimwaga ndoo," mdogo mtu akasema. "Maji yanarudi miguuni kwa anayefua. Hayaendi mtaroni."

Ukumbi ulichukia. Mtu wa nyuma akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mama huyu hana hata huruma kwa ndugu yake. Bwana Awamu akaweka kalamu chini, kama anayetaka swali lile lipite lisiandikwe. Marehemu akaikunja karatasi yake. "Andika," akamwambia. "Ivunjwe."

Ufunguzi ukaahirishwa. Fundi akavunja sakafu akaanza upya, na moyo wa marehemu haukuwa na subira ya saruji. Alilazwa tena mwanzoni mwa Machi. Mdogo wake alikaa naye wodini, akajizuia siku za mwanzo, kisha akashindwa. Akalia, akasema angenyamaza tu siku ile, dada yake angekata utepe.

"Ungenyamaza," marehemu akamwambia, "ningejua umenihurumia. Huruma ya mdogo mtu siiwezi. Wivu nimeuzoea."

Akaomba arekebishiwe mto. Mdogo akaurekebisha. Marehemu akajilaza, akajaribu upande huu na upande ule asione kasoro. "Hata mito unajua," akasema, na mdomo ukapinda upande mmoja.

Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 11 Machi 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake mmoja. Mdogo mtu aliomba aandikwe wa kwanza. Hakuandikwa wa kwanza, na amesema anaelewa. Jana mchana, kabla karatasi hii haijaenda kuchapwa, alikwenda peke yake na ndoo kwenye sakafu mpya ya kufulia, akaimwaga upande wa juu, akasimama akatazama hadi tone la mwisho. Kisha akarudi, akatuomba tumalizie kwa maneno yake: Dada, yameteremka yote mtaroni. Nimetafuta cha kuuliza nimekosa. Pumzika.