Fishi Ndani ya Biblia

Ndugu zangu wa kazi, Papa na Mama, mbele muganga hajaanza kutupima, munipe dakika kidogo. Mukiniona nakokota muguu huu, musinihurumie. Munisikilize tu.

Munajua, hapa kwetu kwenye kiwanda ya fromaji, hii jibini ya maziwa, kutia chumvi njo kazi yangu. Hata kwenye sahani niliipenda. Maharagi bila chumvi ya kuongeza? Hiyo kwangu ilikuwa chakula ya wagonjwa! Kila asubuhi kichwa kilinigonga, nikiinama macho yanafanya giza. Nikasema iko uchovu ya milima yetu ya Bihambwe.

Wakaja waganga kutupima tansio, presha ya damu, hapahapa. Nikaogopa sana, maana watu walisema: wakikuta damu yako iko juu, patron, mwenye kiwanda, anakufukuza. Nina watoto sita! Muganga alitoka mbali, hakujua sura zetu, aliita majina tu. Alipoita langu, nikasukuma kaka mumoja wa kazi: "Kwenda, uitike!" Akacheka, akaenda, akanyoosha mukono wake. Akaniletea fishi, karatasi ya kipimo, yenye jina langu: tansio nzuri. Ndugu zangu, nawaambia, nilifurahi! Mama watoto, bibi yangu, akaiweka ndani ya Biblia. Upumbavu gani huo!

Miezi kidogo ikapita. Siku moja tunageuza fromaji mu maji ya chumvi, moja ikaniponyoka. Nataka kuiokota, vidole vinakataa. Nataka kuita, mudomo umeenda upande. Mimi mutu wa kelele hivi, sauti haitoke! Yule kaka akanipakia kwenye pikipiki ya kukodi, akanishika kwa nyuma mpaka hospitali ya Kirotshe. Barabara ile munaijua, nilizani nitafia mu matope.

Mama watoto akafika na fishi mukononi. "Dokta, bwana yangu hana tansio, angalia!" Dokta akaiangalia, akanipima tena. Iko juu sana. Mimi nasikia yote, sina mudomo wa kujibu. Njo yule kaka akainamisha kichwa: "Mama, unisamehe. Walipima mukono wangu."

Mama watoto hakulia. Aliniangalia mimi: "Ungelikufa, ningeambia watoto nini? Kwamba Papa yao alikuwa muzima, iko mu Biblia?"

Ilinichoma, ndugu, kuliko ugonjwa.

Miezi mingi alinikanda mukono, akanifundisha kukamua kitambaa kama mutoto. Chumvi akaificha, mpaka leo sijui iko wapi. Dawa nameza kila siku, hata nikijisikia muzima. Na patron niliyemuogopa? Yeye njo alisema nirudi kazini pole pole.

Asante kwa Mungu, kwa mama watoto, kwa waganga. Asante kwa kaka yule, sitamutaja, aache kuinamisha kichwa: alidanganya kwa sababu yangu, na aliniokoa. Tansio haibishi hodi, ndugu. Unyooshe mukono wako wewe mwenyewe, ungali unaweza kuunyoosha.

Basi, muganga, fungua mashine. Uanze na jina langu. Leo nitaitika mwenyewe.