Munira Mdoe, Aliyeipa Kila Programu Upande Wake wa Sinia

Marehemu Munira binti Hussein Mdoe alizaliwa Sindeni, Handeni, tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa pili wa Mzee Hussein Mdoe na Bi Chausiku, wakulima wa mahindi. Nyumbani walikula sinia moja, kila mtoto upande wake. Mkono ukivuka, Bi Chausiku anaupiga kofi. Munira alipigwa kuliko wote. Alikuwa mlafi, na hilo hakulikana hata ukubwani.

Alisoma shule ya msingi Sindeni, sekondari Korogwe, kisha akapata stashahada ya kompyuta Dar es Salaam mwaka 2007. Mwaka uliofuata aliajiriwa Hospitali ya Nuru, Masuguru, kutunza seva, yaani kompyuta kuu inayobeba kazi zote za hospitali.

Seva hiyo ilikuwa ikizimika kila mwisho wa mwezi. Wenzake waliiwasha upya, wakamshukuru Mungu. Munira alichunguza, akakuta kila mwisho wa mwezi programu ya takwimu inakokotoa upya ripoti ya mwaka mzima na kumeza kumbukumbu yote ya seva, yaani nafasi yake ya kufanyia kazi, programu ya mapokezi inakwama na wagonjwa wanakosa kadi. Akaiwekea kila programu ukomo wake. Itakayozidi ikatike yenyewe, nyingine ziendelee. Mzee Kibwana wa takwimu akamjia juu.

“Munira, umeniulia ripoti yangu!”

“Shikamoo mzee. Ilikuwa inakula upande wa mapokezi.”

“Marahaba. Sasa mimi nile wapi?”

Munira akamsaidia kuigawa ripoti ya mwaka mwezi kwa mwezi, ikapita.

Tarehe 7 Mei 2011 aliolewa na Bwana Jabiri Semboja wa Mazinde. Nyumba yao haikuisha vicheko.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Julai hii alilazwa hospitali hiyohiyo aliyoitumikia. Jumatatu, msaidizi wake Zahid alimfuata kitandani.

“Dada, ripoti imekatika tena, na wakubwa wanaitaka leo. Niondoe ukomo, mara hii tu?”

“Usiondoe, mdogo wangu. Mapokezi kuna watu.”

Zahid hakuondoa, na akagombezwa. Munira alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 15 Julai 2025, saa tatu asubuhi. Inauma, tena inauma sana.

Ameacha mume, watoto wawili, Maryamu na Mhina, wazazi wake wote na ndugu watatu.

Asubuhi ile Zahid alikuwa mezani kwake akilia. Dirishani pa mapokezi kina mama waliitwa mmoja mmoja, wakapewa kadi, wakaingia kwa daktari. Hakuna kati yao aliyejua kwamba kuna msiba.

Mola ampanulie kaburi lake, naye apumzike. Amin.