Komamanga Kwenye Boti ya Takawiri

Boti ilikuwa imeshaondoka Mbita wakati Kultum, muuza vitambaa wa Homa Bay aliyeketi mbele yangu, alipopasua komamanga na kumpa nusu mzee aliyekaa kando yake. Hawakujuana. Mzee alishukuru, akasema anaitwa Nchagwa, mkulima kutoka Migori, kisha akauliza, "Na hii inatibu nini, mama?"

"Mimi naila karibu kila siku kwa sababu ni tamu," Kultum akajibu. "Lakini wanasema inasaidia moyo. Na tumbo langu siku hizi limetulia kabisa."

Mzee akasema yeye ana presha na amechoka na vidonge. "Sasa nikila hii, niviache?"

"Usijaribu!" Kultum alimshika mkono kama dada yake. "Vidonge, meza. Hii kula ufurahi tu."

"Tangu mke wangu afariki, mimi nakula nisianguke. Mambo ya kufurahi niliacha." Akatia mbegu moja mdomoni, akatafuna. "Halafu kazi yake! Ni kama kula dagaa wa omena mmoja mmoja."

"Utamu wake ndio huo. Haikubali haraka."

"Hili ni tunda la watu wasio na shamba la kupalilia."

Kwa mtu aliyekuwa akilalamika, vidole vyake vilikwenda mbio sana.

Tulipofika Takawiri, abiria wengine wote tulishuka. Nchagwa alibaki ameketi, ndevu zimekuwa nyekundu, nahodha akimsubiri.

"Mzee, tumefika," Kultum alimwita.

"Bado sijakubali huo utamu wake," akajibu, mdomo umejaa.