Darubini Iliyofuata Nguzo

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kituo cha mafuta kilichofungwa, kando ya mashine ya kahawa moto ya makopo. Huku Hokkaido, kaskazini mwa Japani, dubu akishaonja mahindi ya shambani, hakuna anayeketi akiupa mlima mgongo. Asubuhi hii tuko watatu: mimi; Redio, dereva wa lori mstaafu asiyezimika akianza kuongea; na Greda, anayesukuma theluji barabarani wakati wa baridi. Juzi risasi ya Mzee Kuriyama ilimchana dubu begani, akatokomea vichakani na uchungu wake. Leo alfajiri mzee amepanda kumfuata, peke yake, na darubini mpya juu ya bunduki. Tunaogopa, na sisi tukiogopa tunaongea sana.

— Ile darubini ya zamani ndiyo iliyomponza, alisema Redio. Ilianguka ikapinda.

— Na hii mpya kaifunga nani? niliuliza.

— Mwenyewe! Ukigusa bunduki ya mwenzio, polisi wanakubeba wewe, yeye na bunduki. Mimi na Greda tulisimama mlangoni pa banda lake, tukafundisha kwa mdomo.

— Tulifundisha? alisema Greda. Wewe ulipiga kelele.

— Nilimwambia asikaze skrubu za upande mmoja zikaisha. Kidogo huku, kidogo kule. La sivyo darubini inajizungusha, ule msalaba wa kulengea wa ndani unalala.

— Ukilala?

— Kwa karibu huoni tofauti. Jana kwenye uwanja wa shabaha alipiga katikati kabisa. Ila piga ng'ambo ya bonde, risasi inakwenda pembeni. Ulilenga moyo, unapata tumbo.

Niliiweka kahawa yangu chini.

— Dubu aliyepigwa tumboni hakimbii, alisema Greda. Anakuja.

— Huyu haji, alisema Redio. Anarudi kinyumenyume akikanyaga nyayo zake mwenyewe, halafu anaruka kando, anakuotea.

— Hebu acha bwana!

— Mnadhani kwa nini redio tunazowasha shambani kumfukuza hazimtishi tena? Kashazoea taarifa ya habari. Sasa hivi anajua na bei ya mchele.

— Basi na habari ya darubini kaisikia!

Tulicheka. Halafu sote tukageuka kuutazama mlima.

Ndipo akaja Chiharu, binti wa Mzee Kuriyama, aliyefika jana kutoka Sapporo. Alikuwa na ndara za ndani miguuni.

— Shikamooni, wazee. Baba hapokei simu.

— Marahaba, mwanangu, alisema Redio. Huko juu hakuna mtandao. Tulia, darubini tumeisimamia wenyewe.

— Mliilinganisha na nini? Pima maji yake nimeikuta imepasuka.

— Ilimponyoka. Akataka kuning'iniza uzi wa timazi, nikamwambia, ya nini kujitesa? Tazama kutoka hapa mlangoni nguzo ya umeme ya kijiweni, mstari wa darubini uifuate. Kazi ikaisha hapohapo.

Chiharu aliitazama ile nguzo.

— Na hii nguzo, imenyooka?

Ardhi ya huku ikiganda huvimba, na kila majira ya kuchipua tunainua mageti na kunyoosha mawe ya makaburi. Hilo tunalijua tangu utotoni. Lakini benchi letu nalo limeinamia mtoni, na tukiwa tumekaa, nguzo ilionekana imesimama vizuri. Tukanyanyuka. Ilikuwa imelalia mtoni, waziwazi kabisa.

— Mungu wangu, alisema Greda.

Mlimani bunduki ikalia.

— Moja, akanong'ona Redio. Moja ni nzuri, mwanangu. Moja maana yake dubu kalala.

Chiharu alikuwa ameishika nguzo kwa mikono miwili, anaisukuma.

Bunduki ikalia tena.

— Na mbili? akauliza. Mbili maana yake nini?

Tukamgeukia Redio. Redio alikuwa amezima.