Sosamma Kuruvila, Aliyeomba Apewe Muda

Marehemu Sosamma alizaliwa katika kijiji cha Ranni tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tano wa Mzee Chacko na Bi. Eliyamma. Alisoma shule ya kanisa hapo kijijini, kisha chuo katika mji wa Pathanamthitta.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuunganisha simu katika ofisi ya Tiruvalla. Watu wa mji huo aliwajua kwa sauti. Mwenye mafua alipopiga, alipewa pole kwanza, ndipo akaunganishwa.

Alifunga ndoa na Bwana Kuruvila tarehe 9 Mei 1988. Miaka saba ilipita bila mtoto. Kisha akaanza kutokwa damu nyingi, hata akawa anashika ukuta akitembea. Vipimo vilionyesha kwamba utando wa ndani ya mfuko wa uzazi umenenepa na chembe zake zimeanza kuharibika.

“Bado si saratani,” alisema Daktari Padmini, “ila tukiiacha hali hii itafika huko. Salama zaidi ni kuutoa mfuko wote. Kama unataka mtoto, tujaribu vidonge vya homoni. Lakini siwezi kukuahidi kitu, na usipokuja kupimwa, sitakutibu.”

Mama mkwe wake, Bi. Mariamkutty, alimkalisha jikoni. “Mwanangu, waache watoe. Mjukuu sijamwona, siwezi kumlilia. Wewe nakuona kila siku.”

“Nipe muda kidogo, Mama. Dawa ikishindwa, nitapanda kitanda cha upasuaji mwenyewe.”

Vidonge vilimpa njaa ya ajabu. Aliweza kumaliza sufuria ya muhogo na mchuzi wa samaki, na mumewe akithubutu kucheka aliambiwa, “Cheka tu, sahani yako ndiyo inayofuata.”

Baada ya miezi mitatu walichukua kipande cha utando wakakipima. Hakuna kilichobadilika. Bwana Kuruvila alilia hadharani, pale pale kwenye korido. “Ukilia wewe,” mkewe alimwuliza, “skuta ya kuturudisha nyumbani ataendesha nani?” Daktari aliongeza dozi. Kipimo cha pili kilionyesha nafuu. Cha tatu kilikuwa safi.

Tarehe 20 Februari 1998 alijifungua binti, Jisha, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Mwaka uliofuata ugonjwa ulirudi. Safari hii hakuomba muda. Mfuko ulitolewa, na Bi. Mariamkutty alilala naye hospitali, mtoto mapajani.

Tangu hapo mwanamke yeyote aliyemnong’oneza kuhusu damu isiyoeleweka, Sosamma alimwambia, “Vaa viatu, twende.” Alingoja naye mpaka jina liitwe.

Miaka mitatu ya mwisho moyo wake ulichoka. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 2 Novemba 2023, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti, mkwe, dada wawili, na mama mkwe mwenye miaka tisini na tatu, aliyekaa hapo mbele. Asubuhi ya leo Bi. Mariamkutty aliomba tumwandikie hivi: “Nilisema siwezi kumlilia nisiyemwona. Leo Sosamma sitamwona tena, na nalia.”

Pumzika, Mama. Mungu akulaze pema.